Kiswahili cha Kuchorea Reli

Ni ada yetu sisi wanaisimu kugombea majina. Kwa miaka mingi tumebishana iwapo chombo kile kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na kila upande ulikuwa na makala zake, semina zake na kamusi zake. Katika ubishi huo wote, ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuandika ukurasa mmoja tu wa Kiswahili unaomwongoza mtu kufanya kazi fulani kwa chombo hicho, hatua kwa hatua, hadi akaimaliza pasi na kuuliza? Mimi sikuwahi. Nilijaribu kwa mara ya kwanza likizo iliyopita, nikashindwa mbele ya watoto.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti ya dada yangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alipewa zoezi la uandishi wa kiuamilifu: aandike maelekezo ya kufanya jambo analolijua vyema. Wenzake waliandika jinsi ya kupika chapati na jinsi ya kupanda miche. Yeye aliandika jinsi ya kuchora njia ya garimoshi la mfano katika programu ya kompyuta. Insha ilirudi na wino mwekundu: mada haifai kwa Kiswahili.

Yamkini msomaji atauliza garimoshi la mfano ni nini. Ni uraibu ulioenea Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani, ambako watu wazima kwa watoto hujenga juu ya meza reli, stesheni na milima kwa kipimo kidogo, kisha wakaendesha magarimoshi ya umeme juu yake. Kipimo maarufu kiitwacho HO hupunguza kila kitu mara 87. Kwa kipimo hicho reli yenye upana wa milimita 1,435, kama ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, huwa na upana wa milimita 16.5, nayo reli yetu kongwe, yenye upana wa mita moja, hutengenezewa njia ya milimita 12. Vifaa vyenyewe ni ghali na kwetu ni adimu. Kuchora, hata hivyo, hakuna gharama. Programu aliyoipata mpwa wangu, XTrackCAD, hutolewa bure, nayo humwezesha mtu kuipanga njia yake yote kwenye skrini, akaijaribu humo humo, na hatimaye akaichapa karatasini kwa ukubwa wake kamili ili ailaze mezani.

Niliisoma ile insha, na sina budi kukiri kwamba mwalimu hakukosea kabisa. Nusu ya vitenzi vyake vilikuwa vya Kiingereza vilivyovishwa viambishi vya Kiswahili, mithili ya mgeni aliyeazimwa kanzu. Lakini palipostahili kulaumiwa lugha, ililaumiwa mada. Nikamwambia, "Mwanangu, lete kompyuta hiyo. Nitakuandikia mimi kwa Kiswahili sanifu, kisha mdogo wako afuate niliyoandika." Msomaji aliyewahi kumsikia mhadhiri akiahidi jambo mbele ya jamaa zake anaweza kukisia kilichofuata.

Nilichagua kazi nyepesi kuliko zote, yaani kuchora duara. Tulitumia vipande vya kona vya aina iliyozoeleka Uingereza, kila kimoja kikiwa na nusukipenyo cha milimita 438 na kikipinda kwa digrii 22.5. Vipande kumi na sita hutimiza digrii 360, na njia hujifunga. Nikaandika kwa kujiamini: weka kipande cha kona, unganisha kipande kingine kwenye ncha yake, rudia hadi vipande vitimie kumi na sita. Mvulana akafuata neno kwa neno. Alipomaliza, skrini haikuwa na duara. Palikuwa na nyoka aliyejikunja kushoto na kulia, kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine.

"Mjomba," akaniuliza kwa heshima zote, "hukusema kona igeukie wapi."

Alisema kweli. Kipande cha kona ni kimoja. Ukikiunga kwa ncha hii hugeukia kushoto, ukikiunga kwa ile hugeukia kulia. Neno kona halikumwambia kitu. Isitoshe, katika mazungumzo yetu kona ni pembe ya nyumba, ni pindo la barabara, na ni mkwaju unaopigwa kutoka pembeni mwa uwanja wa mpira. Nilikuwa nimemwachia msomaji wangu aamue, naye akaamua.

Tazama sasa tofauti ya duara hili na chapati. Mwanafunzi anapoandika "tia maji kiasi, kanda unga hadi ulainike", mwalimu haoni pengo lolote, kwa sababu mwalimu amewaona watu wakipika chapati tangu utotoni. Anaposoma, hujazia mwenyewe yale yasiyoandikwa, kisha humtuza mwanafunzi alama kwa kazi iliyofanywa na kumbukumbu zake yeye mwalimu. Programu ya kuchora reli haina kumbukumbu za kumwazima mtu. Uliloliacha nje halipo, na duara halifungi.

Jaribio la pili lilikwama kwenye neno lenyewe la reli. Nilikuwa nimeandika kwamba nusukipenyo hupimwa kutoka kitovu cha duara hadi relini. Reli ipi? Katika Kiswahili chetu reli ni kile chuma kimoja, ni vyuma viwili pamoja na vinavyovishikilia, ni safari nzima ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, na hata ni shirika linalolipa mishahara. Programu hupima hadi mstari wa katikati, baina ya vyuma viwili. Aliyepima hadi chuma cha ndani na aliyepima hadi cha nje watatofautiana kwa milimita 16.5, na vipande vyao havitakutana. Tukakubaliana kwamba njia ni kitu kizima, reli ni chuma kimoja, na mbao zilizolala chini yake ni mataruma. Neno hili la mwisho sikulibuni. Taruma limo kamusini, na ndilo litumiwalo pia kwa mbao zinazoimarisha chombo cha baharini. Mpwa wangu hakuwa amewahi kulisikia shuleni, ingawa husafiri juu ya mataruma kila likizo.

Lakini nisije nikaonekana kwamba nimekuja kuisuta lugha. Palipohitaji uangalifu mkubwa zaidi, Kiswahili kilitubeba. Katika mchoro wa namna hii, ncha mbili zinaweza kuonekana zimekutana ilhali baina yao pana ufa wa milimita mbili. Jicho limeridhika, programu haijaridhika, na garimoshi la majaribio likifika pale husimama. Sisi tunavyo vitenzi vya kulieleza jambo hili daraja kwa daraja: ncha zimekaribiana, zimeelekeana, zimegusana, zimeunganishwa. Ni zile mnyambuliko zile zile tunazowakaririsha wanafunzi kwenye jedwali, kauli ya kutendana na kauli ya kutendeshwa, bila kuwaonyesha zinafaa nini. Vivyo hivyo kwa kupinda. Kipande cha kona kimepinda tangu kiwandani. Ipo njia nyingine inayouzwa ikiwa imenyooka, nayo hupindika. Mchoraji huipindisha apendavyo, mradi asivuke nusukipenyo kidogo kabisa ambacho injini yake inaweza kukipita. Imepinda, hupindika, hupindishwa: nimefundisha sarufi miaka mingi, na sijapata mfano mwepesi kuliko huo.

Kuhusu miinuko nitasema machache. Binti alitaka njia moja ipite juu ya nyingine, na hilo linataka kupanda milimita 70 hivi. Kwa mwinuko wa asilimia 2, yaani milimita mbili kwa kila mia moja, inahitajika njia ya mita 3.5. Duara letu lote lilikuwa na mzingo wa mita 2.75. Aliduwaa, alidhani programu ni mbovu. Nikamkumbusha kwamba wajenzi wa reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 walikumbana na hesabu hiyo hiyo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, wakalazimika kwanza kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma hadi njia ya kudumu ilipokamilika.

Nafahamu fika kwamba wapo walimu watakaoniuliza: kompyuta ziko wapi, na darasa lina wanafunzi sitini? Sidai kwamba kila shule ichore reli. Fundi baiskeli, mshona nguo na mwana wa mvuvi wanazo kazi zao ambazo mwalimu hazijui, na kutojua huko ndiko ninakokutaka. Mwanafunzi akiandika jambo ambalo mwalimu hawezi kulijazia, ndipo insha itakapopimwa kwa ilichokisema. Mpe mwanafunzi mwingine maelekezo hayo ayafuate akiwa kimya, na alama zitolewe kwa kile kitakachotokea. Mwalimu atapata kazi ngumu zaidi ya kusahihisha, hilo silikatai.

Toleo la tatu aliliandika binti mwenyewe. Mimi niliondolewa kwenye kiti. Aliongeza sentensi moja mwanzoni: elekeza uso wako upande ambao garimoshi linakwenda, kisha kila kipande kigeukie mkono wako wa kulia. Mdogo wake akafuata hadi mwisho bila kuinua kichwa, na ncha ya kumi na sita ikaunganishwa na ya kwanza. Shule zikifunguliwa ataipeleka insha hiyo kwa mwalimu yule yule. Nimemsihi tu asitaje ni nani aliyechora nyoka.