Shangazi, Ulitazama Wapi Ulipopimwa?

Huenda nawe unaye shangazi kule Litein au Sotik ambaye, uliporudi nyumbani Disemba, ulimkuta amebadilika. Amekonda ilhali anakula vizuri, mkono unamtetemeka akikumiminia chai, moyo unamwenda mbio, na macho yamemtokeza hata asiyemjua hudhani anamtumbulia. Majirani wananong'ona yao. Wewe mpeleke hospitali. Huenda tezi yake ya shingo, thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi. Daktari Robert Graves wa Dublin aliueleza ugonjwa huu mwaka 1835.

Tezi yenyewe ina kipimo chake cha damu na dawa zake. Leo nataka tuongee juu ya presha ya macho, kwa sababu hapo watu hupotea njia.

Presha ya jicho si presha ya damu. Ndani ya jicho mna maji yanayoingia na kutoka. Yakizidi, jicho hukaza na mshipa wa kuonea ukaumia polepole bila maumivu. Kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Mgonjwa wa tezi ana jambo la ziada. Misuli inayolizungusha jicho huvimba, kisha hukakamaa, hasa ule wa chini. Akitazama juu, msuli huo haulegei. Hulibana jicho na presha ikapanda papo hapo.

Sasa tuseme shangazi ameweka kidevu kwenye mashine, kichwa kimeinama, macho yanaelekea juu. Inasomwa 26. Akitazama mbele, ni 18. Ni jicho lile lile, asubuhi ile ile! Kwa ile 26 peke yake anaweza kurudi nyumbani na matone ya glakoma ya kutia miaka na miaka, na matone hayo ni pesa. Kwa mtu anayelipwa kwa kilo za majani, hata siku ya kliniki ni siku bila mshahara. Basi muulize mpimaji kwa adabu: ametazama wapi? Omba vipimo vyote viwili viandikwe. (Ukiambiwa nambari kwa mdomo tu, toa kalamu yako, hakuna atakayekula.)

Lakini presha ikiwa juu hata anapotazama mbele, hiyo ni ya kutibiwa. Tena dawa za kupunguza uvimbe kama prednisoloni, anazoweza kupewa kwa ajili ya hayo hayo macho, hupandisha presha kwa baadhi ya watu. Asiziache ghafla kwa hofu. Apimwe kila anaporudi kliniki. Na kama anavuta sigara, azime leo, maana moshi huzidisha ugonjwa wa macho haya.

Presha nzuri nayo isiwalaze usingizi. Misuli iliyovimba yaweza kuukaba mshipa wa kuonea nyuma ya jicho hata nambari ikiwa 16. Mfunike jicho moja, umwonyeshe kitambaa chekundu, kisha jingine. Wekundu ukififia upande mmoja, au akiona ukungu, msingoje tarehe ya kliniki. Kule Bomet, Hospitali ya Tenwek ina kitengo cha macho. Nendeni siku hiyo hiyo.

Wewe mwanafunzi uliye likizoni, mnunulie daftari dogo. Andika tarehe, jicho la kulia, la kushoto, alikotazama, na dawa anazomeza. Aende nalo kila safari.