Wacheni Kupiga Kelele Kwa Grupu

Wasee wa frontendi, hii tabia ya kufungua chaneli moja ya matukio, kila komponenti itangaze hapo na kila komponenti isikilize hapo, halafu mnaiita usanifu wa kisasa, imenichosha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo sina nadharia ya kuwarushia. Niko na keki tatu.

Nilijengea dada mmoja wa mtaa wetu tovuti ya kuagiza keki. Kila dirisha la oda likifunguka, nilikuwa naita addEventListener kwa hiyo chaneli na fankisheni mpya isiyo na jina. Likifungwa, sitoi kitu. (Fankisheni ikiwa ni ileile, brauza haiisajili mara mbili. Ikiwa mpya, inaongezwa tu.) Mteja akafungua, akafunga, akafungua tena na tena, akabonyeza "Agiza" mara moja. Wasikilizaji watatu wakaamka. Dada akaoka keki tatu za kilo mbili, zote zina jina la mtoto mmoja. Hasara ilikuwa yake, aibu yangu.

Sasa fikiria grupu ya WhatsApp ya ploti. Keateka akiandika "maji yamerudi", hilo ni tukio. Limeshatokea, na hajali nani atajaza ndoo na nani atafua. Lakini akiandika "wa 4B afunge mfereji" mbele ya watu arobaini, hiyo ni amri imevaa nguo za tangazo. Si angegonga tu mlango wa 4B?

Nyinyi mnaandika tukio linaitwa "funga-dirisha" mkijua kabisa ni dirisha moja tu litasikia. Hiyo ipitishe moja kwa moja, mzazi kwa mtoto. Tangazo libaki la mambo kama "oda-imewekwa", ambapo kikapu kinajisafisha, nambari ya juu inabadilika na risiti inatoka, na hakuna anayemjua mwenzake.

Najua mtasema ati matukio yanatenganisha sehemu. Manze, hayatenganishi, yanaficha! Utegemezi bado uko, ila sa hii huuoni mpaka utafute neno moja kwa faili zote saa nane usiku. Na tukio likizaa tukio, nalo lizae lingine, nani atakwambia kilichoanza ni kipi?

Si mimi tu nasema. Facebook walipoeleza Flux mwaka wa 2014, mfano wao ulikuwa ile alama ya ujumbe ambao haujasomwa: unafungua, hakuna kitu. Wakaamua data itembee upande mmoja, na dispacha yao inakataa utume kitendo kipya katikati ya kingine. Vue 3 ilipotoka 2020, $on, $off na $once zilitolewa kwa komponenti, na ndizo watu walikuwa wanatumia kujengea hizi chaneli.

Kwa hivyo nikiona msimbo wako, naangalia kitu kimoja kwanza: aliyesajili msikilizaji anamtoa wapi? AbortController iko. Unapitisha signal yake wakati wa kusajili, dirisha likifungwa unaita abort, wote wanaondoka pamoja. Ni mistari mitatu, buda.

Tovuti nilirekebisha usiku uohuo, bure. Dada wa keki alisoma ujumbe wangu. Tiki ni za bluu hadi leo.