Misri: Kwa nini mgomo huja bila taarifa

Mfanyabiashara anayepeleka chai kutoka Mombasa hadi Alexandria huuliza mambo matatu: nauli ya meli, bei ya dola na ushuru. Hilo la ushuru lilipungua makali Oktoba 2000, Kenya na Misri zilipoanza pamoja katika eneo huru la biashara la COMESA. Wachache huuliza la nne: kule mzigo unakoshukia, ni nani anayesema kwa niaba ya wafanyakazi?

Swali hilo ni la zamani. Makuli wa makaa ya mawe waligoma Port Said mwaka 1882, enzi ambazo meli za mvuke zilizopita Mfereji wa Suez zilitegemea mabega yao. Vyama vya wafanyakazi vilisubiri hadi 1942 kutambuliwa kisheria. Agosti 1952, wiki chache baada ya maofisa wa jeshi kumng'oa Mfalme Farouk, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Kafr el-Dawwar, karibu na Alexandria, waligoma. Wawili wao, Mustafa Khamis na Muhammad al-Baqari, walihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kunyongwa Septemba mwaka huo huo.

Baadaye Gamal Abdel Nasser aliwapa wafanyakazi mapatano ambayo hayakuandikwa popote. Wao wapate ajira ya uhakika, mkate wa bei nafuu na mgao wa faida katika viwanda vilivyotaifishwa 1961. Serikali ipate utulivu. Shirikisho moja la vyama, lililoundwa 1957, likawa la kuwasimamia zaidi kuliko kuwatetea.

Mambo yaligeuka 1991, Misri ilipokubaliana na IMF na kuanza kuuza mashirika ya umma. Ajira ya uhakika ikaanza kupotea, lakini utulivu ukaendelea kudaiwa. Sheria ya Kazi Na. 12 ya 2003 iliruhusu mgomo, ila kwa masharti: theluthi mbili ya bodi ya chama kikuu ikubali, na mwajiri apewe taarifa siku 10 kabla. Bandari na usafiri viliwekwa miongoni mwa sehemu zisizoruhusiwa kugoma kabisa. Bodi zenyewe zilikuwa ndani ya lile lile shirikisho la 1957, kwa hiyo njia halali ilikuwa kama mlango uliochorwa ukutani.

Matokeo yake yalionekana Mahalla al-Kubra, kwenye kiwanda cha kusokota na kufuma kilichoanzishwa na Bank Misr mwaka 1927. Wafanyakazi waliahidiwa bonasi ya mishahara ya miezi miwili. Desemba 2006 ilipofika wakakuta haipo. Wanawake wa idara ya ushonaji ndio waliotoka kwanza, na zaidi ya watu 20,000 wakasimamisha kazi bila kibali cha mtu yeyote. Baada ya siku chache walipata bonasi ya siku 45. Wengine wakaona, na migomo ikaenea nchini. Wakusanyaji wa kodi ya majengo nao walikaa barabarani Cairo mwishoni mwa 2007, wakaongezewa mishahara, kisha wakaunda chama chao huru. Februari 2011, siku chache kabla Hosni Mubarak hajaondoka, waligoma hata wafanyakazi wa kampuni za huduma za Mfereji wa Suez, ingawa meli ziliendelea kupita.

Kwa maoni yangu, masharti yanayodaiwa kulinda uchumi ndiyo yanayomponza mwenye mzigo. Chama kinachoweza kujadiliana hutoa tarehe, nawe unaahirisha lori au unabadili ratiba ya meli. Palipozibwa njia hiyo, unapata habari ukiwa umefika getini.

Februari 2024 Mahalla iligoma tena. Serikali ilikuwa imetangaza kima cha chini cha pauni 6,000 kwa watumishi wake, nao wa kiwanda hicho, ingawa ni mali ya umma, wakaachwa nje. Walikubaliwa baada ya takriban wiki moja, na baadhi yao wakawekwa kizuizini. Wiki hiyo hiyo iliyofuata ya Machi pauni iliachwa ielee, ikashuka kutoka takriban 31 hadi karibu 50 kwa dola, kwa hiyo sehemu kubwa ya walichokipata ililiwa kabla hawajakipokea.

Sheria mpya ya kazi, Na. 14 ya 2025, ilianza kutumika Septemba 1, 2025. Imeendelea kukataza mgomo katika sehemu nyeti.