Usiachie Simu Mpya Ikule Pesa ya Mahindi: Hesabu ya Msee wa Kitale na Bungoma

Kama uko Kitale unajua vile tao hubadilika mahindi yakishauzwa. Wasee wanashuka kutoka Kwanza, Endebess na Kiminini wakiwa na ganji mfukoni, na wenye maduka ya simu wanajua hilo kuliko mtu yeyote. Spika inatolewa nje, muziki unapigwa hadi vioo vinatetemeka, na kijana wa tisheti ya kampuni anakushika mkono: "Buda, ingia tu ucheki, kucheki ni bure." Bungoma nayo mambo ni yale yale, haswa wiki ile HELB inaingia kwa simu za wanafunzi wa Kibabii.

Kucheki ni bure kweli. Shida iko kwa kutoka.

Sikuambii usinunue simu. Simu ni ofisi ya msee wa nduthi, ni duka la manzi anayeuza viatu WhatsApp, ni darasa la mwanafunzi. Ninachotaka ujiulize ni kimoja: hii simu utailipa vile pesa yako inaingia, ama vile anayekukopesha anataka?

Mkopo wa kila siku si wa kila mtu

Hii biashara ilishika moto 2020, Safaricom na Google walipoleta Lipa Mdogo Mdogo. Ulikuwa unaweka thao moja, halafu mbao kila siku kwa miezi tisa. M-KOPA, ambao walijulikana kwanza kwa sola, nao wakaingia kwa simu. Watu, waliozoeleka kwa mikopo ya nduthi, wakaleta Watu Simu. Siku hizi ni ngumu kupita mtaa wa maduka bila kuona bango la "beba leo, lipa pole pole".

Tuwe wakweli. Hawa watu wanakubali msee ambaye benki haiwezi hata kumkaribisha kiti. Huna payslip, huna shamba la kuweka rehani, lakini unatoka na simu. Wanabeba hatari, na hatari ina bei. Sina noma na hiyo. Noma ni kwamba wengi wetu tunauliza "kila siku ni ngapi?" na hatuulizi "jumla ni ngapi?"

Chukua mfano wa hesabu tu, si bei ya kampuni yoyote. Simu inauzwa cash 14,000. Kwa mkopo unaweka 3,000, halafu 60 kila siku kwa mwaka mmoja. Sitini mara 365 ni 21,900. Ongeza ile 3,000 unapata 24,900. Umelipa karibu thao kumi na moja juu ya bei ya cash. Kama gunia la mahindi ni 3,500, hayo ni magunia matatu yamepotea ukiwa unachapa selfie.

Sasa sikiza vizuri, hapa ndio wengi huchezwa. Mkopo wa kila siku ulitengenezewa mtu anayepata pesa kila siku. Msee wa nduthi wa steji ya Kanduyi anaokota kitu kila jioni. Akitoa finje na ashu, hasikii sana, na ile simu inamletea wateja wa kumpigia. Kwake mkopo unaweza kuweza.

Lakini mkulima wa Trans Nzoia hupata pesa kubwa mara moja kwa mwaka. Novemba analipa siku kumi mbele na anajiona tajiri. Ikifika Mei, Juni, mahindi bado ni ya kupaliliwa, kwa nyumba hata unga unanunuliwa, na hapo ndio simu inajifunga. Hawaji kubisha mlango, skrini tu inakuambia lipa kwanza. Huwezi kuingia WhatsApp, huwezi kutafuta kibarua, na ile pesa umeshalipa haikurudii. Mwanafunzi naye anaingia kwa shimo lilelile: HELB haiji kila siku, lakini deni linakuja.

Kwa hivyo rada yangu ni hii. Pesa yako ikiingia kila siku, mkopo unaweza kukufaa ukijua jumla. Pesa yako ikiingia kwa msimu ama kwa muhula, nunua cash siku ile pesa iko, hata kama ni simu ndogo kuliko ile ulikuwa unaota. Ukikosa, tumia chama. Chama kikikufungia, angalau unajua nyumba ya mweka hazina.

Simu ya mkono wa pili: bei ya chini, kesi ya juu

Utaitwa kando, pale karibu na steji, na msee anayeangalia huku na huku. "Hii ni ya kaka yangu, alienda majuu, leta tano tu." Simu ya thao ishirini kwa thao tano. Tumbo linakuambia kuna kitu, lakini moyo tayari umeshapenda kamera.

Sheria haiulizi moyo. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema ukishikwa na mali ya wizi huku ulijua, ama ulikuwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa, unaweza kufungwa hadi miaka 14. Na bei ya kutupa ni sababu tosha ya mtu kukuuliza ulidhani nini. Kumi na nne, msee. Hiyo ni zaidi ya maisha ya simu tatu.

Halafu kuna ile mtego mpya: simu ya mkopo ambayo mwenyewe ameshindwa kulipa, akaamua kuiuza. Siku ya kwanza inafanya fiti. Siku ya tatu inajifunga, na yule muuzaji pia amezima laini.

Kabla hujatoa shilingi, fanya hivi. Bonyeza *#06#, zile namba 15 za IMEI zilingane na zile za kwenye boksi na risiti. Akaunti ya Google ama ya iCloud ya mwenyewe itolewe ukiona kwa macho. Simu ifutwe yote mbele yako, iwashwe upya, iunganishwe na intaneti hadi ifike mwisho. Ya mkopo mara nyingi itajisema hapo. Chukua nakala ya kitambulisho cha muuzaji na mwandikishane. Akikataa hata moja kati ya hizi, sema asante utembee. Ukiona ni maneno mengi, kumbuka ile 14.

Na usidhani IMEI ni stori ya juzi. Mwisho wa Septemba 2012, serikali kupitia CCK, ambayo sasa ni Mamlaka ya Mawasiliano, ilizima simu feki karibu milioni 1.9 nchini. Wasee walilala na simu wakaamka na tochi. Mwishoni mwa 2024 mamlaka hiyo ilirudi na notisi nyingine, ikitaka IMEI za simu zinazoingia kuanzia Januari 2025 ziunganishwe na mambo ya ushuru ya KRA. Katiba Institute walienda kortini, notisi ikasimamishwa, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaitupa nje. Wananchi walishinda, ndio, lakini somo limebaki: simu bila karatasi inaweza kukugeuka siku yoyote.

Usipangwe na namba za kwenye boksi

Boksi limeandikwa "RAM 8GB" kwa herufi kubwa kama tangazo la harambee. Soma yale maandishi madogo: 4+4. RAM halisi ni nne. Zile nne nyingine zimekopwa kutoka kwa storeji, na storeji ni mwendo wa punda ukilinganisha na RAM. Kwa hivyo ukinunua ya 4+4, umenunua ya nne, mwenye duka asikuambie vingine.

Kamera nayo, usifuate megapikseli peke yake. Piga picha ndani ya duka, kwa kona yenye giza, halafu irekodi video ukitembea. Simu mbili zenye namba sawa zitakuonyesha tofauti hapo hapo. Na 5G? Safaricom walianza majaribio Machi 2021 Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, na tangu hapo imesambaa sana. Lakini kama nyumbani kwenu lazima upande kilima ndio upate mtandao, usiongeze thao sita juu ya herufi moja. Hiyo pesa iweke kwa storeji kubwa na betri.

Kitu ambacho watu hawaulizi ni apdeti. Simu bila apdeti za usalama ni kama duka lenye kufuli lakini bawaba zimeoza. Ndani ya hiyo simu kuna M-PESA yako, picha zako na siri za mbogi nzima. Samsung waliahidi Galaxy A16 miaka sita ya apdeti. Simu za bei yake wakati ilipotoka zilikuwa zinapewa miaka miwili, mitatu, zingine hata hakuna ahadi. Google na Samsung kwa simu zao kubwa, kama Pixel 8 na Galaxy S24, waliahidi saba. Na usidhani programu zitakungoja: WhatsApp iliacha Android 4.4 mwanzoni mwa 2025, na Mei mwaka huo iPhone 5s na iPhone 6 zikafuata. Ukiuziwa iPhone 6 leo kwa bei ya "swagger", umenunua kioo cha kujiangalia.

Usisahau fundi. Kioo cha Tecno, Infinix, itel ama Samsung za A kinapatikana kirahisi Kitale na Bungoma, pengine unangoja ukinywa chai. Kioo cha simu ngeni kinaitishwa Luthuli Avenue huko Nairobi, unalipa kioo, unalipa gari, na unakaa siku mbili kama uko likizo ya lazima. Kabla ununue, pitia kwa fundi umuulize: "Hii ikipasuka ni ngapi?" Akicheka kwanza kabla ya kujibu, umepata jibu.

Mbona bei haishuki?

Oktoba 2023 Rais Ruto alifungua kiwanda cha kuunganisha simu pale Athi River, na simu za Neon zikatangazwa kwa 7,499 na 8,999. Hiyo ilikuwa hatua poa. Lakini serikali hiyo hiyo ya Kenya ilikuwa imeweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazotoka nje mwaka 2022, juu ya VAT ya asilimia 16. Mwaka 2009 VAT ya simu ilikuwa imeondolewa kabisa, ikarudishwa na sheria ya 2013. Tunaambiwa huduma zote zimeingia eCitizen, halafu mlango wa kuingilia unatozwa kama anasa. Hapo mimi siwezi pongeza mtu.

Kuna na upepo wa nje. Tangu mwisho wa 2025 bei ya chipu za memori imepanda duniani, kwa sababu makampuni ya akili bandia yanazinunua kwa wingi kwa kompyuta zao kubwa. Simu za bei ya chini ndizo huumia kwanza, kwa sababu faida yao ilikuwa nyembamba tangu zamani. Kwa hivyo ile tabia ya "nitabadilisha mwakani, zitakuwa zimeshuka" usiiwekee imani sana. Tunza uliyo nayo.

Laptopu ni stori hiyo hiyo. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kupanda. Zile laptopu za mtumba za kizazi cha sita na cha saba zitauzwa kwa bei tamu sana. Mwanafunzi, uliza kizazi kabla ya kuuliza rangi.

Lini ubadilishe?

Mimi natumia maswali matatu. Je, apdeti za usalama zimeisha? Je, kuirekebisha kunafika nusu ya bei ya kununua nyingine? Je, inanikosesha pesa, yaani kazi inapita kwa sababu simu imegoma? Ukijibu ndio kwa mawili, badilisha bila kujilaumu. Ukijibu hapana kwa yote matatu, wewe huhitaji simu, unahitaji betri mpya, kava na kufuta zile video za magrupu.

Na kama unamnunulia mzae ama mathe huko ocha, muulize yeye anataka nini. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku unaingia kwa kabambe. M-PESA iko *334#. SHA iko *147#. Kabambe inakaa na chaji siku nne na ikianguka kwa matope ya Kitale unaipanguza tu. Simu janja mnunulie kama anataka kuona wajukuu kwa video, si kwa sababu wewe unaona haya akiitoa mbele ya watu.

Mwenye duka ataweka spika nje tena msimu ujao. Ingia, cheki, cheka na yeye. Lakini hesabu ya jumla ifanye nyumbani, ukiwa umekaa chini na umeshiba, kabla mtu hajakushika mkono.