Kabla ya Dua ya Safari, Kagua Breki

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Juma lililopita safu hii haikutoka, na baadhi yenu mliniuliza msikitini kulikoni. Nilikuwa safarini Uriri, katika kaunti ya Migori. Nimerudi na somo ambalo si haki kulificha, ingawa ndani yake nimo mimi mwenyewe na kosa langu.

Dada yangu alifiwa na mumewe mwanzoni mwa mwaka. Shemeji, Mola amrehemu, alifanya biashara Uriri kwa miaka mingi, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori na mpakani Isebania. Aliacha mjane, watoto wanne, na gari moja kuukuu: Peugeot 504, ile ya mgongo mrefu yenye safu tatu za viti. Eda ya miezi minne na siku kumi ilipomalizika, wazee tuliafikiana dada arudi Mombasa na wanawe. Nami nikatumwa niwalete, pamoja na gari, kwa kuwa gari ni sehemu ya tirka na miongoni mwa warithi wamo watoto wadogo ambao mali yao ni amana shingoni mwetu.

Vijana wetu huenda wasilijue gari hili, lakini wazee wanalikumbuka vyema. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na hapa kwetu Kenya liliendelea kuunganishwa hadi mwaka 2004. Lilibeba abiria, wagonjwa, maharusi na majeneza. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975, kisha tena mwaka 1978, na kaka yake mkubwa, Peugeot 404, alikuwa ameshinda kabla yake mara nne katika miaka ya sitini. Hoja hiyo ndiyo aliyonikabili nayo mpwa wangu mkubwa siku niliyofika. "Mjomba, gari lililoshinda Safari Rally litashindwa na safari ya Mombasa?"

Nilicheka, na kwa hakika hoja ilinipendeza, kwa sababu nilikuwa na haraka. Nilifika siku ya Jumatano. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, na nyumbani Mombasa jamaa walikwishaandaa hitma siku ya Jumapili ya kumpokea mjane na mayatima. Nikakusudia tuondoke Ijumaa mara baada ya sala. Gari lilikuwa limesimama chini ya mwembe kwa muda wa miezi saba, tangu mwenyewe alipoanza kuugua. Mpwa wangu akatia betri mpya, akatia petroli, na injini ikawaka. Tukasema alhamdulillah. Dada akaniuliza kwa upole, "Kaka, litatufikisha?" Nikamjibu, "Tutatawakali." Neno hilo nililitamka kwa ulimi wa msomi na kwa moyo wa mvivu.

Alhamisi asubuhi tulilipeleka kwa fundi mmoja pale Uriri, tukidhani atabadilisha oili na kutuaga. Fundi huyo ni mtu mzima, Mjaluo, Mkristo, aliyekuwa akilihudumia gari hili tangu enzi za shemeji. Akaniita "Japuonj", yaani mwalimu. Hakugusa oili. Alifungua magurudumu yote manne, akamwambia mpwa wangu aingie ndani akanyage breki, na mimi akaniita niiname nitazame mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Kijana alipokanyaga, mpira ulivimba kama koo la chura. Alipoachia, ukasinyaa. Juu yake ulikuwa umepasuka-pasuka kama udongo wa kiangazi.

Kisha akafungua kichupa cha mafuta ya breki, akachovya kijiti, akanionyesha. Yalikuwa meusi kama kahawa chungu. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nikilijua, nami nalieleza kwenu kwa faida. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki mpaka joto lifike angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yakishanywa maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko mrefu, gari likiwa limejaa watu na mizigo, breki hupata moto mkubwa. Mafuta yaliyochoka yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva hukanyaga, na mguu ukazama hadi sakafuni bila kupata kitu.

"Kutoka hapa mtapanda na kushuka vilima vya Kisii na Keroka," akasema. "Gari hii haitoki, Japuonj."

Nikamwomba akaze palipolegea tu, nikamwambia tuna dharura, tuna mayatima, tuna watu wanaotungoja. Nikaongeza kwamba tutasoma dua ya safari. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Soma dua. Lakini mpira nitaweka mpya kwanza."

Ndugu zangu, niliona haya. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa madrasa kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume, rehma na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaelekezwa kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Nimekisomesha kisa hicho kwa zaidi ya miaka 20, na siku ngamia wangu alipokuwa na magurudumu manne nilitaka kuondoka naye hajafungwa.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawa najihesabu. Tuseme breki zingekatika kwenye mteremko, tukamgonga mtoto wa watu anayevuka barabara. Je, ningesimama mbele ya wazazi wake na kusema ni kadari? Mwaka 1993, wanazuoni wa Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, walikutana Brunei na kutoa uamuzi kuhusu ajali za barabarani. Walisema kwamba dereva hubeba dhamana ya madhara anayowafikishia wengine, ya mwili au ya mali. Haondokewi na dhamana hiyo ila kwa udhuru maalumu, kama vile nguvu iliyomshinda ambayo hakuweza kuikinga, au kosa likiwa la mwingine. Sasa mpira uliovimba mbele ya macho yangu mchana kweupe ni nguvu gani isiyokingika? Ulikuwa ukikingika kwa spana na kwa subira ya siku chache.

Na mwenye kuua kwa kukosea, kama ilivyobainishwa katika Sura An-Nisaa, ana diya ya kuwapa jamaa wa marehemu, na ana kafara ambayo kwa zama zetu hizi ni kufunga miezi miwili mfululizo. Hayo ni kwa aliyekosea. Aliyeonywa na fundi akapuuza, mimi naogopa hata kulitaja jina lake.

Kulipokucha nilipiga simu Mombasa, nikawaambia hitma isomwe bila sisi, na watoto watachelewa shule siku kadhaa. Wapo waliokasirika. Chakula kilikuwa kimekwisha agizwa, na ami mmoja akaniambia kuwa nimemvunjia heshima. Nilimwomba radhi, na namwomba tena hapa.

Tukabaki Uriri hadi Jumanne. Vifaa vingine vilipatikana Kisii, vingine vikaletwa na basi kutoka Nairobi. Gharama hatukuitoa katika mafungu ya mayatima. Tulichanga sisi wajomba na ami zao. Naeleza kazi iliyofanyika ili mwenye gari la zamani apate pa kuanzia.

Kwanza breki: mipira yote mipya, mafuta yote yakamwagwa na kutiwa mengine, na pedi za mbele zikabadilishwa. Pili matairi. Yalikuwa na meno mazuri, nami nikadhani ni mazima. Fundi akanionyesha tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2312 limetengenezwa juma la 23 la mwaka 2012. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa kivulini, na kampuni nyingi za matairi hushauri lisitumike tairi lililopita miaka kumi. Matatu kati ya matano, pamoja na lile la akiba, yalikuwa yamepita.

Tatu ni joto la injini. Feni ya Peugeot hizi za kale hushikwa na sumaku ya umeme, na umeme huo hupita katika kipande kidogo cha kaboni ambacho huisha taratibu kwa kusuguana. Kikiisha, feni haishiki, na mtu hatambui akiwa tambarare penye upepo. Atatambua akiwa nyuma ya lori, akipanda polepole kutoka Mai Mahiu, mvuke ukifuka. Chetu kilikuwa kimebaki wembamba wa ukucha. Rejeta ikaoshwa, mipira ya maji na mkanda wa feni vikabadilishwa, na vile vya zamani vilivyofaa tukavibeba kama akiba. Nne, petroli iliyolala tangini ikamwagwa, kabureta ikasafishwa, mipira ya petroli iliyokauka ikaondolewa, na platini zikawekwa sawa. Mwisho taa, waipa, jeki, kizima moto na pembetatu za kuonya.

Kisha fundi hakuturuhusu kuondoka. Alimtuma mpwa wangu aendeshe hadi Migori na kurudi, na alipofika akagusa kila gurudumu kwa kiganja. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake, alisema, lina breki inayong'ang'ania au beringi iliyochoka. Yote yalikuwa sawa, na chini ya gari hapakudondoka tone. Ndipo aliponikabidhi ufunguo na kusema, "Sasa soma dua yako, Japuonj."

Nikaisoma, na wallahi niliisoma kwa moyo ambao sikuwa nao siku ya Alhamisi.

Huko Ulaya wapo watu wanaotunza magari ya kale kwa mapenzi, na majira ya joto huyaendesha nchi hadi nchi, hata kuvuka milima ya Alps. Nao huanza kukagua breki, matairi na maji miezi kadhaa kabla ya siku ya kutoka, ilhali safari yao ni matembezi tu. Hata zile Peugeot zilizoshinda Safari Rally zilikuwa na mafundi waliozitengeneza kabla na waliozingoja njiani. Mpwa wangu sasa anajua kwamba ushindi wa gari jingine mwaka 1975 haukazi nati ya gari letu leo. Sisi tunaobeba mama zetu na watoto wetu kwa magari yale yale tuna haja zaidi ya kukagua kuliko hao wanaotembea.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 800, nasi tuliigawa siku mbili, mchana tu. Tulitoka Uriri baada ya alfajiri, tukapitia Kisii, Bomet na Narok. Hapo Narok tulipumzisha gari, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili, kwani umbali wetu ulipita ule wa kilomita 80 na ushei unaomruhusu msafiri katika madhehebu yetu ya Shafi. Tukalala Nairobi. Siku ya pili tulisimama Mtito Andei, tukasimama tena Voi, na kila tuliposimama mpwa wangu alizunguka gari na kugusa magurudumu bila kuambiwa. Jumatano jioni tuliingia Mombasa. Mdogo wa mayatima alikuwa amelala mapajani mwa mama yake.

Sijui kama gari lingetuua Ijumaa ile. Pengine tungefika salama, na mimi ningepanda mimbari kuhadithia namna dua ilivyotufikisha. Huo ungekuwa msiba wa aina yake, kwani ningewafunza watu kuifanya dua pazia la uzembe.

Basi ewe baba, ewe mama, ewe kijana mwenye ufunguo mfukoni: likizo zinakuja, na harusi, na maulidi ya Lamu. Peleka gari kwa fundi juma moja kabla, si asubuhi ya safari. Fundi akisema halitoki, usimtafute mwingine atakayesema latoka. Na ukitujia sisi masheikh kutaka dua ya safari, tuna haki ya kukuuliza kwanza: breki umezitazama?

Mwenyezi Mungu amrehemu shemeji yetu, awalee mayatima wake, na amlipe kheri fundi yule wa Uriri kwa nasaha yake ya kweli. Na atujaalie kuwa katika wanaofunga ngamia zao, kisha wakamtegemea Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.