UWANJA UMEPANUKA, MWANANCHI AMEBANWA

Ndugu wasomaji wa Kariakoo na Ilala, ndege zipitazo juu ya mabati yetu twazisikia kila siku na tumekwisha kuzizoea. Mwalimu wa Vingunguti hunyamaza kidogo, ndege ikishapita huendelea na somo. Lakini leo siandiki habari ya kelele. Naandika habari ya wenzetu wa Kipawa, Kigilagila na Karakata, ambao hawazisikii tena kelele hizo kwa sababu waliondolewa, wao na nyumba zao.

Mwaka 1997 wathamini walifika huko kwa ajili ya kupanua uwanja wa ndege. Wakahesabu vyumba, milango na miembe, wakaandika, wakaenda zao. Wananchi wakangoja. Wakangoja mpaka watoto waliokuwa wakitambaa siku ile wakamaliza darasa la saba! Malipo na ubomoaji vilikuja mwaka 2009 na 2010, kwa hesabu iliyojengwa juu ya tathmini ile ile ya 1997.

Je, shilingi ilikuwa imelala ikiwangoja? Mwaka 1997 dola moja ilikuwa kama shilingi 600. Mwaka 2010 ilikuwa imepita 1,300. Saruji haikungoja, wala bati, wala kiwanja.

Na asiyewahi kungoja hajui kungoja ni nini. Nyumba ikishaandikwa, mwenyewe haongezi tofali, maana halitalipwa. Bati likioza aweka kiraka. Mpangaji akisikia habari ahama, na abakiye ataka apunguziwe kodi. Nani atamkopesha mtu kwa dhamana ya nyumba iliyokwisha kuhukumiwa? Basi kabwela huyu aliliwa miaka kumi na zaidi kabla hajashika senti moja, na alipoishika alikuta imekonda.

Mzee mmoja auzaye nazi sokoni alitueleza tawini. Alipokuwa Kipawa alitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, akakuta mzigo unashushwa. Sasa yuko upande wa Pugu. Hutoka usiku, na akifika nazi nzuri zimekwisha kuchaguliwa. "Mwanangu," aliniambia, "nilitoa nyumba, nikapewa msingi." Fedha yake ilitosha kiwanja na msingi tu; kuta amezipandisha kwa nazi, mwaka baada ya mwaka.

Pugu! Huko ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Mwaka 1958 aliandika "Mali ya Taifa", akikataa ardhi igeuzwe bidhaa ya wenye fedha. Leo uwanja wenyewe una jina lake. Waliolibandika jina hilo pale wangemsoma pia.

Najua wako watakaosema kwamba hatutaki maendeleo. Huo ni uzushi. Jengo la Tatu la Abiria lilifunguliwa Agosti 2019, lina nafasi ya abiria milioni 6 kwa mwaka, na sisi twalionea fahari kama mtu mwingine yeyote. Hatukatai ndege itue. Twakataa itue juu ya mgongo wa muuza nazi.

Wala hatuombi sadaka. Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka fidia kamili, ya haki, na ya upesi, na watu wa Kipawa walidai walipwe kwa sheria hiyo. Sheria ya uthamini ya 2016 imekaza zaidi: fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu tathmini kuidhinishwa, ikichelewa iongezwe riba, na miaka 2 ikipita tathmini imekufa, ifanywe upya. Kwa Kipawa imekuja baada ya nyumba kuwa kifusi. Lakini miradi haijaisha mjini hapa, na sheria isiyojulikana na wenye nyumba hukaa kabatini tu.

Kwa hiyo twataka hivi: mthamini asitie mguu mtaani mpaka fedha ya kulipa iwe imetengwa. Madiwani wetu waseme hadharani kama wakubali au wakataa. Na mpangaji naye afikiriwe, maana naye huhama na watoto.

Mwenye karatasi ya tathmini iliyopita miezi 6, wa mtaa wowote, alete nakala tawini Jumamosi saa kumi jioni. Nakala, nasema. Karatasi yenyewe asimwachie mtu, hata mimi.