Kitabu Kiende Nyumbani

Walimu wengi wa shule za msingi, wanapoulizwa kwa nini watoto hawapendi kusoma, huelekeza kidole upande wa nyumbani. Wazazi, yasemwa, hawajali. Nyumba hazina vitabu. Jioni mtoto hutumwa maji, hutumwa dukani, kisha hulala. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Hata hivyo yanamwacha huru mshtakiwa mkubwa, naye ni shule yenyewe. Mtoto hawezi kupenda kusoma nyumbani ikiwa kitabu hakifiki huko, na aghalabu hakifiki kwa sababu kimefungiwa kabatini, na ufunguo umo mfukoni mwa mwalimu.

Husemwa pia kwamba kusoma nyumbani si desturi yetu sisi watu wa mwambao. Neno hili halina msingi, na walionena hivyo hawajaitazama Bagamoyo vizuri. Mji huu na viunga vyake vilimtoa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, ambaye maandiko yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Kabla ya shule za serikali kuenea, mtoto wa pwani alikwenda chuoni kwa mwalimu wake, na jioni alirudi nyumbani akikariri kwa sauti mbele ya wazazi. Maulidi ya Barzanji husomwa barazani na sebuleni hata leo, na wanaosikiliza ni wengi kuliko wanaosoma. Huko kaskazini zaidi, Pate, Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Ni mama amwandikiaye mwanawe, tena akiwa mgonjwa. Ikiwa huko si kusoma kwa nyumbani, sijui ni kupi. Nao Wakwere, Wadoe na Wazaramo wa Ubena na vijiji vya jirani, ambao wengi wao walichelewa kuyapata maandishi, walikuwa na ngano zao za usiku, na ngano ndiyo mama wa kitabu cha hadithi.

Sisemi kwamba chuo kilikuwa bustani ya raha. Bakora ilikuwapo, na mtoto aliweza kuhitimu pasipo kuelewa maana ya alichokisoma. Lakini tuangalie jambo moja: usomaji wa nyumbani wa zamani ulikuwa wa sauti, wa pamoja, na ulipokwisha hapakuwa na mtu aliyeuliza, "Je, habari hii inatufundisha nini?"

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika mafunzo yetu ya ualimu tumezoea kwamba kila habari ifuatwe na maswali ya ufahamu. Darasani jambo hili lina mahali pake, kwani mwalimu hana budi kujua nani ameelewa na nani amebabaika. Taabu ni kwamba mtoto asiyekutana na hadithi ila ile yenye maswali mkiani hujifunza kuiogopa hadithi. Sungura na fisi wanamchekesha, naye anajizuia kucheka kwa kuwa anakitafuta moyoni kitakachoulizwa. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza kutumika katika darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 uliyapa mambo hayo matatu saa nyingi zaidi, na ni vyema. Lakini saa za darasani humfundisha mtoto kutambua herufi na silabi. Mapenzi ya kusoma yataka saa ambazo hazina alama.

Tumekwisha kuliona somo hili kwa watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni iliyofuata ilifanya kazi kubwa mno, hata mwaka 1986 ikahesabiwa kwamba watu wazima tisa katika kila kumi wanajua kusoma na kuandika. Maktaba za vijijini zilianzishwa, na gazeti la Elimu Haina Mwisho likachapwa ili waliofuta ujinga wasirudi nyuma. Kisha fedha zikapungua, karatasi ikaadimika, magazeti hayo yakanyamaza. Nayo sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kiwango kilicho chini ya kile. Ajuaye kusoma asipopata cha kusoma husahau. Ikiwa mtu mzima husahau, mtoto wa darasa la tatu atanusurikaje likizo nzima bila ukurasa mmoja?

Basi kitabu kiende nyumbani, na kiende pasipo kazi ya kuandika. Mzazi asiyejua kusoma asionewe haya. Yeye ndiye msikilizaji bora, kwa sababu hawezi kumsahihisha mtoto kila neno. Bibi anayesuka ukili aombwe jambo moja tu: asomewe. Mtoto akikwama, aruke; akitaka kuirudia hadithi ile ile mara kumi, airudie; akitaka kuieleza kwa Kikwere baada ya kuisoma kwa Kiswahili, tumshukuru, maana hapo ufahamu umepatikana bila swali hata moja. Wakati mzuri ni alasiri, chini ya mwembe au mkorosho, kungali na nuru. Koroboi huumiza macho, na si kila nyumba ina taa ya jua. Kuhusu simu, sina mengi: mtoto ataiacha iwapo kuna hadithi iliyo tamu kuliko picha zake, na hadithi hizo zipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa nchini mwaka 1991 umesaidia kutoa vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa hapa hapa.

Najua pingamizi litakalotolewa na mwalimu mkuu. Vitabu vitapotea, vitachanika, vitalowa mvua ya masika, na siku ya wathibiti ubora ni yeye atakayesimama kueleza. Hofu hii si ya kubezwa. Dawa yake ni kuafikiana mapema na kamati ya shule, mbele ya wazazi, kwamba sehemu fulani ya vitabu itachakaa kila mwaka, na kuandika hivyo katika muhtasari wa kikao. Mwanafunzi wa darasa la sita ashike daftari la kuazimisha; kitabu kitoke Ijumaa, kirudi Jumatatu. Tuanze na vile vya hadithi, ishirini tu, vya kiada vibaki. Na mtoto aliyepoteza asinyimwe kingine Ijumaa ifuatayo, kwa maana aliyepoteza kitabu alau alikuwa nacho njiani.